Barua ya wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kilifi: ndege wetu awe mnana wa Kilifi, na vinamasi vyake vilindwe

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Spika, na nyinyi Waheshimiwa wawakilishi wa wadi zetu 35,

Salaam nyingi kutoka Magarini.

Naandika kuomba jambo ambalo liko mikononi mwenu na halihitaji kusubiri Nairobi. Naomba Kaunti ya Kilifi ipitishe sheria ya kuwa na ndege wake rasmi. Ndege huyo awe mnana wa Kilifi. Na sheria hiyohiyo ivilinde vinamasi vya Dakatcha, msitu ulio kaskazini ya mto Sabaki, anakozalia. Nayaomba haya matatu kwa pamoja. Mkitoa mawili ya kwanza mkaliacha la tatu, heri msitoe lolote, na sababu nitaieleza.

Nianze na ndege mwenyewe, maana wengi wetu hatumjui. Mnana tuliyemzoea ni yule wa manjano anayefuma viota kwenye minazi, akipiga kelele kutwa nzima juu ya paa za watu. Huyu ni mwingine kabisa. Dume ana kichwa cheusi, kifua cheusi na mgongo mweusi, kisha tumbo la manjano, na manyoya ya mbawa zake yamezungushiwa kingo za manjano. Jike ana mgongo wa kijani na tumbo la manjano. Vijijini hakai. Maisha yake ni juu kabisa kwenye mirihi, miti mirefu inayoota katika mchanga mweupe wa misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha.

Anayetaka kumwona huingia katika mirihi hiyo mapema, jua halijawa kali, kisha asimame. Pengine atasimama muda mrefu bila kusikia chochote isipokuwa majani. Halafu msitu mzima unaamka kwa pamoja: kundi linapita juu, ndege wa aina mbalimbali wamechanganyika, kila mmoja na mlio wake. Minana wamo humo, wanapekua majani na matawi wakitafuta wadudu, wengine wananing'inia kichwa chini, miguu juu. Shingo inauma kwa kutazama juu. Baada ya dakika chache kundi limeshahama kwenda miti ya mbele, nawe umebaki na darubini mkononi, hujui kama wale weusi wenye manjano walikuwa watano au kumi na watano. Kuna miezi mingine Arabuko-Sokoke hawaonekani kabisa.

Wanasayansi walimwandika mnana huyu mwaka 1913, wakampa jina la kitaalamu Ploceus golandi. Katika vitabu vingi vya Kiingereza amebaki na jina la Clarke, ingawa vipo pia vinavyomwita kwa jina la Kilifi. Kuanzia hapo walipita watafiti wengi, vikaandikwa vitabu vingi, na swali moja likabaki bila jibu: anazalia wapi? Jibu lilipatikana Machi 2013. Kwenye kinamasi cha msimu ndani ya Dakatcha, watu wa kikundi cha wenyeji wanaohifadhi msitu huo pamoja na wataalamu wa ndege walikuta minana wakifuma viota katika majani ya jamii ya ndago yaliyosimama majini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiota chake kuwekwa kwenye kumbukumbu, miaka 100 kamili tangu aandikwe. Ndege wa juu ya miti mirefu kumbe anashuka mpaka kwenye majani ya majini ili azae, na anafanya hivyo mvua inapokubali.

Tangu siku hiyo hatuwezi tena kujitetea kwamba hatukujua pa kulinda.

Sasa naomba mlisikie hili vizuri. Ndege huyu anaishi Kaunti ya Kilifi peke yake. Hayupo Kwale, hayupo Lamu, hayupo Tanzania, hayupo popote pengine duniani. Siku akitoweka kwetu ametoweka kabisa, na tayari amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kaunti nyingi zitalazimika kutafuta ndege wa kuwawakilisha, na zitaishia kuchukua ndege anayepatikana nusu ya Afrika. Sisi tunaye ambaye ni wetu tu, na hatuna jirani wa kumgombania naye.

Najua jina litakalotajwa kwanza katika mijadala: bundi wa Sokoke. Nami nampenda. Wanasayansi walimpata mwaka 1965 humuhumu Arabuko-Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi, mwenye uzito wa gramu 50 tu au pungufu kidogo. Wapo wa kijivu, wapo wa kahawia, na wapo wa rangi ya kutu kabisa. Mchana wanalala wawili wawili, dume na jike, mabega yamegusana, ndani ya vichaka vya mifunda kwenye udongo mwekundu, na vile walivyojikunyata ungeapa ni jani kavu lililonasa. Waelekezi wetu wanaojua vichaka hivyo wamelisha familia na kusomesha watoto kwa sababu yake, kwani watu wanasafiri kutoka mabara mengine kuja kumwona huyo tu.

Hata hivyo sidhani yeye ndiye wa kuchaguliwa. Kwanza si wetu peke yetu: tangu 1992 inajulikana kwamba yupo pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Pili, msitu anamoishi huku kwetu umetangazwa rasmi, una mipaka, una walinzi wa misitu na wa wanyamapori. Walinzi hao hawatoshi, lakini wapo. Tatu, na hili tusilipuuze, wazee wetu wengi hawapendi bundi atajwe karibu na nyumba, na akilia usiku juu ya mti wa uani kuna watu hawapati usingizi. Imani hiyo siidharau. Nembo ya kaunti inapaswa kuwa kitu ambacho bibi wa Ganze ataipokea leso yenye picha yake na kuivaa kwa furaha.

Wapo watakaomtaja ndege mweupe na mweusi anayekula kaa pale Mida, mwenye mdomo mnene na miguu mirefu. Anapendeza sana, hasa maji yanapojaa na kundi zima linaposogea pamoja kwenye mchanga uliobaki. Lakini yule anazalia katika mashimo ya mchanga kwenye pwani na visiwa vya Uarabuni na Ghuba, kisha anakuja kwetu kula na kupumzika. Ni mgeni wetu wa heshima, na kwao wapo wenye haki ya kumdai kabla yetu.

Na yupo ndege ambaye mtoto yeyote wa Malindi, Watamu au mji wa Kilifi atamtaja mara moja akiulizwa: kunguru wa Bara Hindi. Analetwa na jalala, anavunja viota, anakula mayai na makinda ya ndege wetu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja nchini, na miji yetu ya Pwani ndiyo ilikuwa shabaha. Huyo ndiye ndege ambaye watoto wetu wanamjua kuliko wote. Mnana wa Kilifi hawajamwona hata kwenye picha ya ukutani darasani. Jambo hilo linaniuma.

Kuhusu sheria, njia ipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 4, inaitaka kila kaunti iwe na alama zake: bendera, nembo na muhuri. Inataka kamati tendaji iziandae kwa kushauriana na wananchi, kisha bunge la kaunti lizipitishe. Inakataza pia zisifanane na alama za taifa, kwa hiyo jogoo wa ngao ya taifa na shoka lake tumwache pale alipo. Ndege hakutajwa katika orodha hiyo, lakini sioni kinachozuia bunge lenu kutunga sheria yake kwa utaratibu uleule.

Sheria inataka wananchi washirikishwe, nami sitaki mnana apite kwa amri. Nataka ashinde. Wekeni wagombea wachache wenye picha nzuri na maelezo ya Kiswahili na ya lugha zetu za Mijikenda, mzunguke nao kaunti ndogo zote saba, toka Rabai na Kaloleni mpaka Magarini. Waulizeni wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, wanamwitaje kila mmoja na wanajua nini juu yake. Misitu ya kaya zetu imeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu 2008, na waliozitunza wana la kusema kuhusu ndege kuliko mshauri wa kukodiwa. Wanafunzi wapige kura shuleni. Sharti liwe moja tu, nalo liandikwe katika tangazo la kwanza: mgombea awe ndege anayezalia ndani ya Kilifi na ambaye maisha yake yanategemea ardhi yetu. Kwa sharti hilo sina wasiwasi na matokeo.

Nilisema kwamba cheo bila ulinzi ni heri kisitolewe. Tazameni majirani zetu wa Uganda. Mwaka 1962 walimweka korongo mwenye taji katikati ya bendera yao. Yupo kwenye jezi za timu ya taifa, na mtoto wa Uganda anaweza kumchora kabla hajajua kuandika jina lake. Sijui ndege mwingine wa Afrika aliyepewa heshima kubwa kuliko hiyo. Na bado mwaka 2012 korongo huyo aliingizwa katika orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Vinamasi anamozalia vinakaushwa na kulimwa, mayai na makinda yanachukuliwa, wengine wanauzwa. Waganda wanampenda kwa dhati, hilo halina ubishi. Lakini bendera haizuii jembe kuingia kinamasini.

Kuna mfano wa upande wa pili, kule Hawaii. Bata bukini wao anayeitwa nene alikuwa amebaki wapatao 30 tu porini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1957 wakamtangaza kuwa ndege wao rasmi. Wakati huohuo alikuwa anazalishwa vizimbani, anarudishwa porini, na anakingwa na nguchiro na paka walioletwa visiwani na watu. Leo wapo maelfu, na mwaka 2019 serikali ya Marekani ilimshusha kutoka daraja la hatari kubwa. Hawaii walichagua ndege wa kwao peke yao, tena katika siku zake mbaya kabisa, na kazi ikaandamana na jina. Marekani hiyohiyo kuna majimbo saba yaliyomchagua ndege mmoja, kardinali mwekundu, kwa sababu ni mzuri na yupo kila bustani. Naomba Kilifi isipite njia hiyo ya majimbo saba.

Sasa nije Dakatcha, ambako ndiko moyo wa barua hii uliko.

Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, kila mtu anaujua. Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, nyuma ya Marafa, wengi hawaujui isipokuwa wanaoishi humo na wanaonunua makaa yake. Kwa sehemu kubwa si msitu uliotangazwa na serikali. Ni ardhi ya jamii. Na hapa, Mheshimiwa Gavana, naomba uisome tena Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 63: ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaongeza kwamba kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuihamisha ardhi hiyo. Maana yake ni kwamba popote Dakatcha ambapo ardhi haijasajiliwa, kinamasi anachozalia ndege huyu kiko chini ya dhamana yako, si ya waziri, si ya shirika, si ya mfadhili. Mwenye amana ataulizwa amana.

Dakatcha imeshaponea chupuchupu mara moja. Kulikuwa na mpango wa kampuni ya kigeni kulima mibono ya kukamulia mafuta ya magari ya Ulaya, na eneo lililotajwa lilikuwa hekta 50,000. Wakazi waligawanyika, wengine waliahidiwa kazi, wengine waliona mashamba na makaburi ya wazee wao yakienda. Wakazi waliokataa, pamoja na mashirika ya uhifadhi, walipiga kelele mpaka mpango ule ukakwama. Lakini msitu unaweza pia kuisha bila mkataba wowote, gunia kwa gunia. Kila anayepita barabara ya Marafa anayaona magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya njia, yamefungwa vizuri kwa kamba za majani mdomoni. Mananasi nayo yanasogea. Yanakubali mchanga ule, yana soko, na ili yapandwe mrihi lazima ulale chini.

Kinamasi cha msimu ndicho rahisi zaidi kupotea, kwa kuwa miezi mingi hakionekani kama kinamasi. Kimekauka, ni bonde la majani mafupi, udongo wake mweusi na laini kuliko mchanga wote unaokizunguka. Mtu mwenye njaa akikitazama anaona shamba, na hana kosa kuona hivyo. Analima. Mvua zikija, ndago hazioti tena, na minana wanaokuja kutafuta pa kufuma wanakuta mahindi. Hakuna mti uliokatwa, hakuna moshi ulioonekana, hakuna wa kushtakiwa. Msimu ule ndege hawakuzaa pale, basi.

Ninachoomba ni kazi ya kawaida ya serikali. Watumeni maafisa wa ardhi na mazingira waende Dakatcha wakati wa masika, kukiwa na maji, wakifuatana na wachungaji, wanawake wanaoteka maji na wazee wa vijiji, kwa kuwa hao wanajua kila bonde linalojaa na lile lililoacha kujaa. Vinamasi vyote viwekwe katika ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kaunti. Ndani yake na ukanda unaovizunguka kusilimwe, kusichimbwe mitaro ya kukausha, kusitolewe kibali cha mradi. Mifugo iendelee kunywa, watu waendelee kuteka, maana vinamasi hivyo ni vya watu kabla ya kuwa vya mgeni mwenye darubini. Na jamii zisaidiwe kusajili ardhi zao haraka, kwa sharti ambalo zenyewe zitalikubali katika baraza, kwamba kinamasi kibaki mali ya wote kisigawanywe viwanja. Ramani za viota zenyewe zisitangazwe ovyo. Picha moja iliyowekwa mtandaoni ikiwa na mahali kamili inatosha kuleta msururu wa magari.

Najua nitaambiwa watu wana njaa na mimi naleta habari za ndege. Nimeishi hapa miaka ya ukame na najua maana ya mvua kukosa Ganze na bara ya Magarini. Simwombei mtu anyimwe unga ili mnana apate kiota. Lakini anayechoma mrihi anakula mara moja, na bei ya gunia la makaa pale kando ya njia ni sehemu ndogo tu ya bei yake Mombasa. Faida inapanda lori, majivu yanabaki. Mrihi uliosimama unatoa asali, na ufugaji wa nyuki Dakatcha si ndoto, watu wanaufanya. Pale Gede, tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua mabuu ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo, na mkulima ambaye jana aliuona msitu kama ardhi aliyonyimwa leo ana sababu ya kuutaka ubaki. Hayo yalianza kwa sababu kuna mtu alikaa akayapanga. Dakatcha haijapata mpango wa namna hiyo wenye mkono wa kaunti ndani yake.

Watazamaji ndege nao wanakuja Kilifi kila mwaka. Wengi wanaishia Watamu, Mida na Gede, wanalala hoteli za pwani, wanaingia Arabuko-Sokoke alfajiri, kisha wanaondoka. Wachache wanaopanda mpaka Marafa kumtafuta mnana huja na chakula chao na mwelekezi wao, na shilingi yao inapita kijijini bila kushuka kwenye gari. Wafundisheni vijana wa Marafa na vijiji vya jirani kazi hii kwa ukamilifu: kumtambua ndege kwa mlio, kuweka kumbukumbu, kumsimamisha mgeni mahali pasipo na madhara. Wapeni darubini, jozi chache nzuri hazifikii bei ya gari moja la kaunti. Na wekeni kanuni zenye meno. Kuna tabia ya kucheza mlio wa ndege kwenye simu tena na tena ili ajitokeze apigwe picha. Ndege anadhani mpinzani ameingia nyumbani kwake, anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na kipaza sauti. Kwa ndege walio wengi hilo ni usumbufu. Kwa mnana wa Kilifi na bundi wa Sokoke lipigwe marufuku kabisa wakati wa kuzaa, na mwelekezi atakayelifanya apoteze leseni.

Zaidi ya utalii kuna kuhesabu. Tangu 2013 nchi hii ina ramani ya ndege inayojazwa na watu wa kawaida kwa simu zao: Kenya imegawanywa miraba ya kilomita tisa hivi kwa tisa, na yeyote anayejua ndege wake anaingia mrabani, anaandika aliowaona, anatuma. Nairobi watu hutembea pamoja kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na wamefanya hivyo tangu 1971. Sisi wenye ndege ambao wale wa Nairobi wanaota kuwaona hatuna matembezi ya namna hiyo katika kila kaunti ndogo. Kila wadi ikiwa na kikundi kimoja cha shule chenye mwalimu mmoja anayependa kazi hii, baada ya miaka michache tutajua minana wanakwenda wapi wanapopotea Arabuko-Sokoke. Swali hilo linaweza kujibiwa na mwanafunzi wa gredi ya nane wa Baricho au Adu akiwa na daftari. Sioni kwa nini tusubiri mtafiti wa ng'ambo.

Na mkilitenda hili, wengine watafuata. Taita Taveta wana ndege aitwaye mkesha na ndege mwingine mdogo wa vilima vyao ambao hawapatikani kwingine duniani, katika mabaki ya misitu ya Ngangao na Mbololo. Nyandarua wana ndege wa nyasi za Kinangop mwenye kifua cha manjano, ambaye nyasi zake zinageuzwa mashamba ya viazi mwaka hadi mwaka. Kila mmoja wao anangoja kaunti yake isimame ikasema huyu ni wetu, na hapa anapoishi hapaguswi. Ningependa hilo lisemwe Kilifi kwanza.

Waheshimiwa, muhula mmoja wa uongozi ni miaka mitano, yaani masika tano. Kupima vinamasi kunahitaji masika moja. Kupitisha mswada kunahitaji mwakilishi mmoja wa wadi aliye tayari kuuleta mezani na wengine wasiouchelewesha. Naomba mwakilishi huyo ajitokeze kabla ya mvua zijazo, na naomba majibu yenu, yakiwa ndiyo au yakiwa siyo, yaletwe katika baraza Marafa mbele ya watu wanaoishi na vinamasi hivyo, ili nao wawaulize maswali yao.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mkazi na mpiga kura, Kaunti Ndogo ya Magarini